Antena Inapougua Lamu: Tafuta Chanzo kwa Saa, Upepo na Maji

Redio ikipungua nguvu hapa Lamu, wengi huchukua bisibisi na kuifungua. Naomba uiweke hiyo bisibisi chini, upande darini kwanza. Hitilafu za ndani ya redio nilizokutana nazo kisiwani nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Za nje, yaani kebo, viungo, vihami, kamba na mlingoti, zimenijazia madaftari mawili. Sababu ni hewa yetu. Kusi hurusha manyunyu ya bahari juu ya kila paa, kaskazi huyakausha yakawa ganda la chumvi, na umande wa usiku hulilowesha ganda hilo upya. Kiungo ambacho bara kingekaa miaka, hapa chaweza kuoza kwa msimu mmoja.

Ninayemwandikia ni mwanaredio wa ridhaa mwenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano na jina la wito linaloanza na 5Z4, mwenye antena ya waya au ya bomba na redio ya wati 100 au chini ya hapo. Mwenye mnara mkubwa atapata faida pia, maana chumvi haichagui.

Kabla ya dalili yoyote, weka daftari. Kila ninapowasha redio naandika mambo matano: saa, upepo unakotoka, maji yanajaa au yanapwa, SWR kwenye megahezi 7.1 na 14.2, na kelele za hewani zimefika wapi kwenye mita. Ni kazi ya dakika mbili. Tatizo likishajulikana kwamba huja alfajiri tu, au upepo ukivuma, au siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, umeshajua pa kuanzia.

Kwa asiyeizoea SWR, ni kipimo kinachoonyesha nguvu inayorudishwa na antena badala ya kwenda hewani. Ikisoma 1, hakuna kinachorudi. Ikisoma 2, asilimia 11 inarudi. Ikisoma 3, asilimia 25. Redio nyingi za siku hizi hujipunguzia nguvu zenyewe SWR ikipita 2 au 3 ili zisiungue. Mwenyewe hudhani redio imezeeka, kumbe inajilinda.

SWR iko juu alfajiri, adhuhuri imetulia

Hii ni chumvi, na huja zaidi wakati wa kaskazi kwa kuwa mvua haipiti kuosha. Chumvi hurundikana kwenye vihami vya ncha za dipoli, yaani antena ya waya yenye mikono miwili, na pale katikati kebo inapogawanyika. Ikiwa kavu haina neno. Umande ukiigusa inakuwa njia ya umeme. Jua likipanda njia hiyo inakauka na SWR inarudi mahali pake, ndiyo maana ukipima saa sita mchana utaapa kwamba antena ni nzima.

Kuthibitisha si kazi kubwa. Ishushe antena jioni, osha vihami kwa maji baridi na kitambaa, ipandishe, kisha pima alfajiri. Usitumie maji ya kisima chenye munyu, utakuwa umepaka chumvi nyingine. SWR ikitulia, umekipata chanzo.

Ukiwa umekishika kihami mkononi, kitazame vizuri. Ncha za dipoli ndizo zenye volti kubwa, mamia ya volti unaporusha wati 100, na kihami cha plastiki kilichopigwa na jua hufanya mstari mweusi mwembamba, kama wa kalamu, kutoka upande mmoja hadi wa pili. Mstari huo ni mkaa. Hauoshwi wala haukwanguliwi ukaisha. Kitupe, uweke cha kauri chenye umbo la yai. Kipande cha paipu ya plastiki kinafaa kwa muda, ila kikate kirefu, na ukibadilishe kila mwaka bila kungoja kikuonyeshe alama.

SWR ni nzuri kwenye kila bendi, lakini husikiki

Hapa nitakaa, kwa kuwa ndipo nilipopoteza karibu mwaka mzima.

SWR yangu ilikuwa 1.3 kwenye bendi zote, hata zile ambazo dipoli yangu haikukatiwa. Nikafurahi nayo. Wenzangu wa Ulaya waliozoea kunipa 59, alama ya sauti safi yenye nguvu, wakaanza kunipa 57, yaani nguvu imeshuka, na wale wenye kelele nyingi kwao wakaacha kunisikia kabisa. Nililaumu jua, kwa kuwa hali yake huamua mawimbi yatafika wapi, nikabadilisha maikrofoni, nikarefusha mlingoti. Kumbe kebo ilikuwa imejaa maji. Kebo iliyooza hula nguvu inapopanda, kisha hula tena ile inayorudi, kwa hiyo mita ya chini haioni kitu kikirudi na inakuambia mambo ni mazuri. Dipoli iliyokatiwa megahezi 7.1 haina njia ya kusoma 1.3 kwenye 14 na kwenye 28 kwa pamoja. Ukiona hivyo, shuku kebo siku hiyohiyo.

Jaribio lake ni hili. Chomoa kebo kule juu kwenye antena, iache wazi, isiunganishwe na chochote. Shuka, pima upande wa chini kwa kichanganuzi cha antena. NanoVNA, ambayo bei yake haimtishi mtu, inatosha kabisa. Usitumie redio yenyewe kwa nguvu kamili, utaiumiza. Kwa kuwa juu hakuna wa kuipokea nguvu, yote inapaswa kurudi, kwa hiyo SWR inapaswa kuwa kubwa sana, zaidi ya 10. Ikisoma 3, kebo inakula nusu ya nguvu yako kila inapopita. Ikisoma 2, inakula thuluthi mbili. Yangu ilisoma 1.4 kwenye megahezi 14. Maana yake ni kwamba katika wati 100 nilizokuwa nikirusha, kama 17 tu ndizo zilizofika juu.

Nilipoichuna, ule wavu wa shaba ulikuwa mweusi kama kahawa iliyoungua, na kando yake kulikuwa na unga wa kijani. Nikakata mita moja, weusi upo. Nikakata nyingine, upo. Maji huingia pale juu kebo inapogawanyika kwenda mikono miwili ya dipoli, kisha hunywewa na wavu ule kama utambi unavyonywa mafuta, yakashuka mita nyingi. Kukata kipande cha mwisho na kuweka konekta mpya hakusaidii mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa. Usipoifikia baada ya mita tatu, achana na kebo hiyo yote.

Mpya uizibe hivi. Kwanza tepu ya mpira ile inayojishika yenyewe ukiivuta, uizungushe kuanzia chini kwenda juu ili mapindo yapandane kama vigae na maji yateleze nje. Juu yake tepu nyeusi ya umeme, kuikinga na jua. Konekta ya PL-259 itazame chini, isitazame juu kamwe. Kebo uipindishe kidogo chini ya kiungo, ifanye tumbo, ili matone yadondokee hapo yasifuate kebo hadi ndani ya nyumba. Na silikoni ile inayonuka siki usiipake kwenye shaba. Harufu ile ni asidi inayotoka silikoni ikikauka, nayo hula shaba chini ya kifuniko ulichodhani kinailinda. Nimefungua viungo kadhaa vya wenzangu vilivyopakwa hivyo, na kila kimoja kilikuwa kijani.

Mkwaruzo upepo ukivuma

Kuna kiungo kinachogusa na kuachia. Mara nyingi ni mahali ambapo metali mbili zisizoelewana zimekutanishwa: waya wa shaba umefungwa kwenye bomba la alumini, au bolti ya chuma cha kawaida imetiwa kwenye klipu ya stenlesi. Chumvi na unyevu vikiingia katikati, metali iliyo dhaifu huliwa. Kati ya shaba na alumini, anayeliwa ni alumini. Kutu nayo, ikiwa kati ya vyuma viwili vinavyogusana, hufanya kazi kama dayodi na kuzaa mawimbi ambayo hukuyarusha, kwa hiyo waweza kusikia vituo vya redio vimechanganyika pasipo pao.

Waya kwa waya, lehemu, usisokote tu. Shaba kwa alumini, weka washa ya stenlesi katikati na grisi inayokusudiwa viungo vya umeme, kisha kaza. Ukinunua stenlesi, uliza namba. Ya 316 inavumilia bahari kuliko ya 304, ambayo hapa kwetu hutoa madoa ya kahawia mapema.

Kuna mkwaruzo mwingine usiotoka kwenye antena kabisa: mabati ya jirani yaliyolegea, au waya mkuukuu unaogusa bomba. Mwombe mtu autikise mlingoti taratibu kwa mkono huku wewe unasikiliza tu, bila kurusha. Mkwaruzo usipofuata mkono wake, tafuta mbali na mlingoti.

Dipoli imeteremka yenyewe

Uliikata isikike vyema kwenye 7.1, sasa pazuri pake ni 7.05. Waya umenyooka. Waya laini wa shaba wa kuwekea nyumba umeme hurefuka ukivutwa msimu mzima. Dipoli nzima ni mita 143 gawanya kwa megahezi, yaani kama mita 20.1 kwa 7.1, na kurefuka sentimita 14 tu kwatosha kukushusha kilohezi 50. Kata sentimita 7 kila upande, na usiifunge ncha moja kwa moja kwenye mti au mnazi unaoyumba. Ipitishe kamba kwenye kapi, uning'inize mtungi wa mafuta wa lita 5 uliojaa mchanga. Mti ukiyumba mtungi hupanda na kushuka, waya haupati shida.

SWR inafuata maji

Hii si hitilafu. Antena ya wima iliyosimamishwa ukingoni mwa bahari, pale Shela kwa mfano, hutumia ardhi iliyo chini yake kama nusu yake ya pili, na maji ya chumvi ni ardhi nzuri kuliko mchanga mkavu. Maji yakijaa usomaji ni mmoja, yakipwa ni mwingine, na tofauti huonekana zaidi wakati wa bamvua kuliko wa maji mafu. Tandaza waya nyingi zaidi chini yake, na mabadiliko yatapungua. Usikate antena kwa kipimo cha maji kupwa halafu uikate tena kwa cha maji kujaa. Nimeona mtu akifanya hivyo mpaka antena ikaisha.

Kelele zimepanda, vituo dhaifu vimezama

Zima swichi kuu ya nyumba, chomoa na paneli za sola kama unazo, endesha redio kwa betri ya volti 12. Kelele zikikata, mwizi yuko ndani: taa za LED za bei rahisi, chaja za simu, au kidhibiti cha sola. Washa kimoja kimoja umjue. Kidhibiti cha sola kinadanganya kwa sababu hufanya kazi mchana na kunyamaza usiku, na mtu hudhani ni tabia ya anga. Daftari litakuonyesha kwamba kelele zinaanza jua linapopiga paneli.

Zikibaki, ziko nje. Hapo angalia tabia yake. Kelele zinazopanda kwa umande baada ya wiki za ukavu, kisha zikatoweka mvua kubwa ikinyesha, zinatoka kwenye vihami vya nguzo za umeme vilivyoshika chumvi, ugonjwa uleule wa dipoli yako. Kelele zinazokuja na upepo mkavu na kunyamaza kukinyesha ni chuma kilicholegea juu ya nguzo. Tembea na redio ndogo ya mkononi ya AM, ifuate sauti hadi nguzo inayolia zaidi, andika namba yake, uipeleke kwa shirika la umeme. Nguzo usiipige, wala waya wake wa kushikilia usiutikise. Zipo zinazoua.

Sauti yako inasikika kwenye spika za jirani, au za msikiti

Siku hii ikikufika, acha kurusha kwanza, hata kama redio yako haina kosa. Nenda mwenyewe, mapema, kabla hujaitwa. Mimi nilimwendea imamu baada ya Alasiri nikamwambia, "Sheikh, sauti ile iliyoingia kwenye spika ni yangu. Naomba ruhusa niangalie waya zenu, na mpaka nimalize sitarusha nyakati za sala." Alinifungulia mlango, na akanishikia ngazi.

Chanzo kwa kawaida ni umeme wa redio kurudi chini kwa nje ya kebo yako, ukaifanya kebo nzima kuwa antena inayopita dirishani kwa watu. Pale juu, kebo inapoingia kwenye dipoli, izungushe mara 8 hadi 12 kwenye pete kubwa ya feraiti, ile kauri ya sumaku inayozuia umeme wa redio, ya mchanganyiko namba 31. Hiyo humaliza sehemu kubwa. Kinachobaki huondolewa upande wa pili: waya ndefu za spika nazo hupokea kama antena, basi zungusha kila moja kwenye feraiti karibu na amplifaya, mashine inayokuza sauti. Gharama ya feraiti ibebe wewe.

Mlingoti umeinama, kamba zimelegea

Nyumba za mawe za Mji wa Kale zina kuta za matumbawe na chokaa. Zimebeba boriti kwa karne, lakini bolti ya kupanuka ukiipiga kwenye ukingo wa dari hulipasua tumbawe, na ufa huo utanywa mvua ya masika. Kitako cha mlingoti kikae juu ya ubao mpana unaosambaza uzito, ndani ya mstari wa ukuta, na kamba zifungwe kwenye boriti au kwenye viguzo vilivyokusudiwa. Mji huu uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001, kwa hiyo waulize watu wa Makumbusho kabla hujasimamisha kitu kinachoonekana kutoka baharini. Kiwanja cha ndege cha Manda nacho kiko ng'ambo tu ya maji. Urefu wa mlingoti upate kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Mlingoti ukiinama upande mmoja baada ya kusi, sababu huwa moja kati ya tatu. Kamba ya nailoni imerefuka. Nailoni hurefuka ikilowa na ikivutwa. Au kamba ya plastiki ya bei nafuu imepikwa na jua: ikunje, ikitoa unga mkononi imekwisha. Au skrubu ya kuvutia waya imejifungua yenyewe kwa mtikisiko, kwa kuwa haikufungwa waya wa kuizuia isizunguke. Nunua kamba ya poliesta, nyeusi ukiipata. Kamba tatu zilizotengana kwa digrii 120 zatosha, kila moja ikifika chini umbali wa kama asilimia 80 ya urefu wa mahali ilipofungwa kwenye mlingoti. Paa za Lamu ni nyembamba na mara nyingi umbali huo haupatikani. Usishuke chini ya asilimia 60. Punguza mlingoti badala yake. Na kamba isivuke kichochoro, hata juu kiasi gani. Punda aliyebeba mzigo mrefu atainasa siku moja.

Mlingoti wangu wa kwanza nilidhani umelegea, nikaukaza kwa nguvu zangu zote. Fundi mmoja wa majahazi kutoka Matondoni, mtu mzima, alikuwa amekuja kwetu kwa shughuli nyingine. Akaigonga kamba kwa kidole, ikalia kama uzi wa udi. "Mwanangu, umeikaza mno," akaniambia. "Iwate ipumue, utauvunda mti."

"Haya, ami," nikamjibu, nikailegeza ili kumstahi tu. Baadaye ndipo nilipoelewa. Kila kamba unayoivuta inausukuma mlingoti chini, na bomba jembamba lililosukumwa kutoka juu hupinda katikati upepo ukiongeza wa kwake. Mafundi wa minara huvuta kamba kwa kiasi cha asilimia 10 tu ya nguvu inayoweza kuikata. Kamba zote tatu ziwe sawa, zisiwe na tumbo, wala zisilie.

Mlingoti wa bomba la mabati huoza kwa ndani, chini kabisa, mahali usipoona. Maji huingia juu na kukaa kitakoni. Ziba mdomo wa juu, toboa tundu dogo chini. Kila mwaka uugonge kwa nyundo ndogo ukisikiliza: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya gunzi. Ukisikia gunzi, usiupande wala usiegemeze ngazi. Ulaze kwa kamba mkiwa watu watatu, baada ya kuhakikisha kwamba hata ukianguka vibaya hautafika kwenye waya za umeme.

Kunguru

Kunguru wa Pwani hujenga viota kwa waya, na juu ya mlingoti wako ni mahali pazuri kwao. SWR ikiruka ghafla bila umande wala upepo, tazama juu kwa darubini. Kipande kimoja cha waya kikilala juu ya mikono miwili ya dipoli pale katikati, antena imepigwa shoti. Kiondoe kiota kikiwa bado vijiti vichache, redio ikiwa imezimwa na kebo imechomolewa.

Jarari inakatika palepale kila mwaka

Jarari ni kamba ya kupandishia antena. Ikikatika palepale, kapi limeganda. Kapi la chuma cha kawaida likishika kutu halizunguki tena, kamba inasuguana nalo kila upepo unapovuma, na mwezi wa Juni antena yote iko chini uani. Weka kapi la stenlesi au la plastiki ngumu kama yale ya mashua, na jarari uifanye ya mzunguko, ncha zake mbili zimeungwa chini. Hivyo hata dipoli ikikatika, kamba inabaki juu na huhitaji kupanda. Kila mwezi uisogeze nusu mita ili sehemu ileile isikae kwenye kapi. Mimi huishusha antena yote wiki ya mwisho ya Machi, kabla kusi haijaanza na masika hayajafunga, naosha, nalehemu upya, nabadilisha tepu, naipandisha, kisha napima alfajiri tatu mfululizo kabla sijaandika kwenye daftari kwamba iko sawa.